Mpunga umehukumiwa, wali bado haujapimwa

Tangu Mahakama ya Rufaa ya Ufilipino itoe uamuzi wake kuhusu mchele wa dhahabu, yaani mchele uliobadilishwa vinasaba ili punje zake ziwe na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kuzuia upofu, Aprili 17, 2024, habari hiyo imenifikia mara nyingi kutoka kwa watu wa pande mbili zinazopingana, na karibu wote walikuwa wameielewa visivyo. Wa upande mmoja waliileta kwa shangwe: mahakama imethibitisha kwamba mchele uliobadilishwa vinasaba ni sumu. Wa upande wa pili waliileta kwa uchungu: majaji wamewahukumu watoto maskini upofu. Uamuzi wenyewe haukusema hilo la kwanza, na hauwezi kubebeshwa hilo la pili. Mahakama ilifuta vibali vya kupanda mchele huo pamoja na biringanya ya Bt, ambayo imewekewa jeni la kujikinga na wadudu, ikaamuru upandaji wa kibiashara usimame mpaka vyombo vya serikali vilete uthibitisho wa usalama na wa kufuata sheria. Majaji hawakusema kwamba mchele huo umemdhuru mtu. Walisema wataalamu hawajaafikiana, na wataalamu wasipoafikiana tahadhari itangulie.

Kiswahili hutenganisha mambo matatu ambayo lugha nyingine huyaita kwa jina moja. Kilichoko shambani ni mpunga, kikishakobolewa ni mchele, kikishaiva ni wali. Wafilipino nao hutenganisha hivyo hivyo: palay, bigas, kanin. Hoja yangu imo ndani ya maneno hayo. Kesi iliyoamuliwa ilikuwa kesi ya mpunga: mmea, mashamba, chavua, mbegu na nani anazimiliki. Maabara nazo kwa zaidi ya miaka 20 zimekuwa zikipima mchele, zikihesabu mikrogramu kwa kila gramu. Lakini mtoto hali mpunga wala hali mchele. Anakula wali, na swali linalomhusu yeye, yaani kama wali huo ukiliwa nyumbani kwao siku baada ya siku unapandisha vitamini A katika damu yake, bado halijajibiwa. Uamuzi wa mahakama umesimamisha upandaji ambao ndio ungezaa jibu, na hapo ndipo ninapouona una kasoro. Hapo hapo ndipo watetezi wa mchele huu wanapopaswa kuacha kudai ushindi ambao hawajaupata.

Chukua punje moja ya mpunga uimenye ganda kwa kucha. Utabaki na punje ya kahawia iliyovikwa utando mwembamba wenye mafuta, na penye ncha yake moja kuna kiini kidogo ambacho ndicho kingeota. Kwenye utando na kiini ndiko ziliko vitamini nyingi za kundi B na sehemu kubwa ya madini ya chuma. Mashine ya kukoboa huviondoa vyote vikaenda na pumba, kwa sababu mafuta yake huharibika upesi na mchele wenye utando haukai muda mrefu ghalani bila kunuka. Kinachobaki ni punje nyeupe, safi kwa macho, ambayo karibu yote ni wanga. Gharama ya weupe huo imejulikana zamani. Miaka ya 1890, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu mfano wa wagonjwa wa beriberi, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini B1, na waliporudishiwa mchele wenye utando wake wakasimama tena. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa vitamini A, hata hivyo, kurudi kwenye mchele wa kahawia hakusaidii, maana haimo huko pia. Mmea wa mpunga hutengeneza betakarotini, ile rangi ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A, lakini huitengeneza kwenye majani. Ndani ya punje mtambo huo umezimwa. Hifadhi ya mbegu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ina sampuli zaidi ya 100,000 za mpunga, na haujapatikana hata mmoja wenye betakarotini ya maana ndani ya punje yake iliyokobolewa. Mzalishaji wa mbegu anayetumia njia ya kawaida ya kupandisha mbegu kwa mbegu hana cha kuanzia. Zinki ni tofauti kabisa. Aina za mpunga hutofautiana sana kwa kiwango cha zinki kwa asili, na ndiyo maana Bangladesh iliweza kutoa mbegu ya BRRI dhan62 mwaka 2013 kwa njia ya kawaida, bila jeni la kigeni. Kwa hiyo anayesema uhandisi jeni hauhitajiki kuboresha mchele yuko sahihi akizungumzia zinki na amekosea akizungumzia vitamini A. Mjadala mwingi ungepoa kama tungekubali tu kwamba kila kirutubisho kina kesi yake.

Na upungufu wenyewe si suala la tarakimu. Vitamini A ndiyo inayotumika kutengeneza rangi iliyo nyuma ya jicho, inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu. Mtoto anayepungukiwa huanza kuonyesha dalili jioni. Jua likizama, wenzake wanaendelea kukimbizana, yeye anakaa chini. Ukimpa kikombe, mkono wake unapapasa hewani kabla haujakigusa. Baadaye jicho hukauka, yakatokea mabaka kama povu kwenye weupe wake, na mwisho konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hulainika na kutoboka. Ikifika hapo hakuna dawa inayorudisha macho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa sababu hii, na nusu yao hufa ndani ya miezi 12, kwa kuwa vitamini hiyo hiyo ndiyo inayousaidia mwili kupambana na surua na kuhara. Makadirio hayo ni ya miaka mingi iliyopita na nchi nyingi zimepiga hatua tangu hapo. Lakini hakuna anayebisha kwamba tatizo bado lipo, na kwamba limejikusanya kwa watu ambao chakula chao ni nafaka moja asubuhi, mchana na jioni.

Wanasayansi Ingo Potrykus wa Zurich na Peter Beyer wa Freiburg waliona kwamba mtambo uliozimwa unaweza kuwashwa. Mwezi Januari 2000 walitangaza mpunga waliouwekea jeni la ua la dafodili na jingine la bakteria, na punje zikatoka za manjano. Mwezi Julai mwaka huo jarida la Time la Marekani likamweka Potrykus kwenye jalada lake, na maneno kwamba mchele huu ungeweza kuokoa watoto milioni moja kwa mwaka. Wakati maneno hayo yanachapishwa, mchele wenyewe ulikuwa na mikrogramu 1.6 tu za karotini kwa kila gramu, na haukuwa umeoteshwa shambani hata msimu mmoja. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya Syngenta waliliondoa jeni la dafodili wakaweka la mahindi, na kiwango cha juu kabisa kikafika mikrogramu 37. Mbegu zinazofaa kwa mkulima zina kiwango cha chini ya hapo, na watafiti wake wanakadiria kwamba zingempa mtoto mdogo asilimia 30 hadi 50 ya mahitaji yake ya wastani ya vitamini A. Australia na New Zealand ziliukubali kuwa chakula salama mwishoni mwa 2017, Kanada na Marekani mwaka 2018. Ufilipino iliukubali kama chakula Desemba 2019, na Julai 2021 ikawa nchi ya kwanza duniani kuruhusu upandwe kibiashara, kwa jina la Malusog, yaani wenye afya. Mwaka 2022 wakulima wa majimbo kadhaa, Antique likiwemo, walivuna. Kisha ikaja kesi.

Nianze na hoja dhaifu za wapinzani, kwa sababu ndizo zinazosafiri kwa kasi kuliko zile nzito. Ile ya sumu haina mguu wa kusimamia. Kilichoongezwa kwenye punje ni betakarotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, maboga, maembe na mboga za majani, na mwili hauigeuzi yote kuwa vitamini A bali huchukua kadiri unavyohitaji. Vyombo vinne vya udhibiti, katika mabara tofauti, vimekagua protini mpya zilizomo kwenye mchele huo na havikuona dalili ya sumu wala mzio. Hoja nyingine ni ya kilo 9. Mwaka 2001 Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, walikokotoa kwamba mtu mzima angelazimika kula karibu kilo 9 za wali kwa siku ili apate vitamini A ya kumtosha. Kwa mchele wa mwaka 2000, na kwa kiwango cha ufyonzaji walichokitumia, hesabu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mbegu ilibadilishwa miaka minne baadaye na karotini ikaongezeka hadi mara 23, na bado kilo 9 zinatajwa mpaka leo. Hesabu ya haki ikirudiwa bila tarehe yake inageuka kuwa upotoshaji. Vivyo hivyo kauli ya mamlaka ya chakula ya Marekani, Mei 2018, kwamba betakarotini iliyomo ni kidogo mno kuruhusu tangazo la lishe kwenye paketi. Watu wengi waliitafsiri kuwa mchele hauna kazi. Kauli hiyo ilimhusu mlaji wa Marekani, ambaye wali ni sehemu ndogo sana ya mlo wake. Mtoto anayekula wali mara tatu kwa siku hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa zile nzito, ambazo ningependa watetezi wazisikilize badala ya kuzipungia mkono. Ya kwanza ni kwamba zipo njia nyingine na zimefanya kazi. Kidonge laini cha vitamini A hukatwa ncha na kukamuliwa kinywani mwa mtoto mara moja kila miezi sita, vizio 200,000 kwa aliyetimiza mwaka. Nchini Ufilipino kwenyewe uchunguzi wa lishe wa kitaifa ulikuta upungufu kwa karibu asilimia 40 ya watoto wadogo mwaka 2003. Mwaka 2008 ulikuwa umeshuka hadi karibu 15, na hapakuwa na punje hata moja ya manjano sokoni. Huo ni ushindi wa wahudumu wa afya na wa vyakula vilivyoongezewa virutubisho viwandani, na ni utovu wa adabu kuuruka. Lakini uchunguzi wa mwaka 2013 uliukuta umepanda tena hadi karibu asilimia 20. Kidonge kinategemea bajeti ya mwaka huu, gari la mwaka huu, mhudumu wa mwaka huu. Mwaka mmoja vikilegea, mtoto aliyezaliwa mwaka huo hana akiba. Mbegu ikishakuwa mikononi mwa mkulima hujirudia yenyewe kila msimu, na kwa mchele wa dhahabu makubaliano ya leseni yanamruhusu mkulima anayepata chini ya dola 10,000 kwa mwaka kuihifadhi na kuipanda tena bila kulipa chochote. Kwangu hoja ya vidonge inaonyesha kwamba mchele si mkombozi pekee. Haionyeshi kwamba hauhitajiki.

Hoja ya pili ni ya kuchanganyika, na hapa nawapa wapinzani haki yao kamili. Wanasayansi hupenda kujibu kwamba mpunga hujichavusha wenyewe na chavua yake hufa ndani ya dakika chache, na ni kweli. Lakini mbegu haichanganyiki kwa chavua peke yake. Huchanganyika kwenye magunia, kwenye mashine, kwenye malori na kwenye maghala. Mwezi Agosti 2006 Marekani ilitangaza kwamba mpunga wa majaribio uliobadilishwa vinasaba, mali ya kampuni ya Bayer, ambao haukuwa umeruhusiwa kuuzwa, umekutwa ndani ya mchele wa kawaida wa nchi hiyo. Masoko ya nje yakafungwa, bei ikaanguka, na mwaka 2011 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 750 kumaliza madai ya wakulima. Ikiwa hilo liliwezekana kwenye nchi yenye wakaguzi na maabara za kila aina, mkulima wa Ufilipino anayetunza mbegu za asili na kuuliza atalindwaje hapaswi kuitwa adui wa sayansi. Mtandao wa wakulima na wanasayansi wa MASIPAG, uliokuwa mstari wa mbele katika kesi hii, umekuwa ukiuliza hilo kwa muda mrefu. Vyombo vya serikali vilidaiwa jibu lenye utaratibu, wahusika na fidia ndani yake. Nikiwa upande wa teknolojia hii, naona sehemu hiyo ya uamuzi, inayodai ufuatiliaji wa kueleweka, ilistahili kuandikwa.

Watetezi nao wana hoja yao dhaifu, na madhara yake si madogo kuliko ya ile ya sumu. Ni ile ya kusema kwamba wapinzani wamechelewesha mchele huu kwa miaka 20 na damu ya watoto iko mikononi mwao. Mwaka 2016 zaidi ya washindi 100 wa Tuzo ya Nobel walitia saini barua ya kuwataka Greenpeace waache kuupinga. Wanaharakati kweli walivamia shamba la majaribio huko Camarines Sur mwezi Agosti 2013 wakang'oa miche, na kitendo hicho hakina utetezi. Lakini ukifuata historia ya mbegu yenyewe, unakuta muda mwingi ulikwenda kwenye biolojia. Mbegu ya kwanza haikuwa na karotini ya kutosha, hiyo ni miaka mitano. Aina iliyofuata ilipopandwa mashambani ilitoa mavuno pungufu kuliko ile iliyotokana nayo, na taasisi ya Los Baños ikalazimika mwaka 2014 kuhamia aina nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa India walieleza jinsi mpunga wao maarufu wa Swarna, baada ya kuchanganywa na moja ya aina hizo, ulivyotoka mfupi, wenye vichipukizi vingi na mavuno hafifu: jeni jipya lilikuwa limetua katikati ya jeni jingine linalohusika na ukuaji wa mmea, likaliharibu. Mkulima hawezi kulishwa imani apande mpunga wa namna hiyo. Kuwalaumu wanaharakati kwa yote haya kumewaudhi watu ambao ridhaa yao inahitajika, na kumewapa watafiti kisingizio cha kutokueleza kwa uwazi kazi yao ilikwama wapi na kwa nini.

Basi turudi kwenye wali, ambao pande zote mbili zimeuzungumzia kidogo mno. Mwaka 2009 watafiti waliwalisha watu wazima watano wenye afya wali wa manjano uliowekewa alama ya kufuatiliwa katika damu, wakakuta kwamba mikrogramu 3.8 za betakarotini yake zilitoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Kiwango kinachotumika rasmi kwa mboga na matunda ni 12 kwa 1, kwa hiyo matokeo yalikuwa mazuri kuliko ilivyotarajiwa. Lakini ni watu watano, watu wazima, tena wasio na upungufu. Mwaka 2012 yakachapishwa matokeo ya watoto wa miaka 6 hadi 8 wa jimbo la Hunan, China, nayo yakawa mazuri zaidi. Mwaka 2015 jarida lililoyachapisha likayafuta. Namba hazikuwa tatizo. Hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wazazi walielezwa kikamilifu watoto wao wanalishwa nini. Kila nikikumbuka kisa hicho hasira hunipanda. Utafiti ambao ungeweza kuwa nguzo ya teknolojia nzima ulivunjwa na watu walioona kwamba kumweleza mzazi ukweli ni usumbufu, na tangu hapo kila mzazi anayeambiwa mchele huu ni salama ana haki ya kuuliza kwa nini wale wa Hunan hawakuambiwa.

Zaidi ya hapo yapo maswali ambayo hayajibiki maabara. Betakarotini huharibika ikikutana na hewa, na mchele wa dhahabu hupoteza sehemu kubwa ya rangi yake ukihifadhiwa kwa miezi, hasa kwenye joto. Mchele uliopimwa wiki ya mavuno si ule unaopikwa miezi mitano baadaye. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na kwenye nyumba zenye upungufu mafuta ndiyo huanza kukosekana. Minyoo na kuhara hupunguza kinachofyonzwa. Kisha lipo jambo la macho na ulimi: je, familia iliyozoea kujivunia weupe wa wali wake itaupokea wa manjano, au itaupeleka kwa mifugo? Hakuna jambo hata moja kati ya haya linalothibitisha kwamba mchele huu hautafanya kazi. Yanaonyesha tu kwamba kutoka mikrogramu za punje mpaka damu ya mtoto kuna safari ndefu, na safari hiyo haijatembewa.

Na inatembeleka. Tunajua hivyo kwa sababu ya viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vilizalishwa kwa njia ya kawaida, vikapelekwa kwa maelfu ya kaya za Msumbiji na Uganda kati ya 2007 na 2009, na watafiti wakafuatilia nani alipanda, nani alikula, mtoto alikula kiasi gani. Vitamini A kwenye milo ya akina mama na watoto iliongezeka wazi. Rangi iliyoogopwa ikageuka kuwa kitambulisho, maana mama aliyeelezwa maana yake aliitafuta. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi hiyo na nyingine zinazofanana nayo. Wapinzani wa mchele wa dhahabu hukitaja kiazi hiki kama hoja ya kuukataa. Mimi nakiona kama kipimo kinachopaswa kuwekewa mchele huo: pandeni, lisheni kwa ridhaa, pimeni damu, leteni majibu, mazuri au mabaya.

Kwa sababu hiyo kanuni ya tahadhari, kama ilivyotumika Ufilipino, inanisumbua. Azimio la Rio kuhusu mazingira la mwaka 1992, ambalo limeiandika kanuni hiyo, linazungumzia madhara makubwa au yasiyorekebishika na linakataza kutumia ukosefu wa uhakika kamili kama kisingizio cha kuchelewesha hatua za kuyazuia. Upofu wa mtoto ni dhara lisilorekebishika. Ukiweka kwenye mizani hatari ya kupanda peke yake, bila hatari ya kutopanda, mizani hiyo ina sahani moja. Majaji walikabidhiwa kesi ya mazingira, ikawa rahisi kumsahau anayesubiri chakula. Tena sharti la kuleta uthibitisho kwanza lina mzunguko ndani yake. Uthibitisho wa maabara ulikwishaletwa, na uliobaki unapatikana tu mpunga ukiwa shambani na wali ukiwa mezani. Historia ya mahakama za nchi hiyo inaonyesha ugumu huu. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ilisimamisha majaribio ya biringanya ya Bt, na Julai 2016 ikatengua uamuzi wake kwa maelezo kwamba majaribio yalikuwa yamekwisha na hapakuwa na cha kusimamisha. Miezi saba ilipita, na kuhusu usalama wa biringanya hakuna mtu aliyejua jambo jipya.

Ingewezekana kuamua kwa njia ya kati: kuruhusu upandaji katika maeneo machache yanayojulikana, mbali na mashamba ya mbegu za asili, mashine za kukoboa zikitengwa, wazazi wakielezwa kwa lugha yao na kutia saini, damu ya watoto ikipimwa kabla na baada, na taasisi isiyohusika na uzalishaji wa mbegu ikishika matokeo. Muda maalumu, kisha warudi mahakamani. Wapinzani wangepata ulinzi waliouomba. Watetezi wangepata nafasi ya kuonyesha wanachokidai tangu mwaka 2000. Na kama baada ya hapo ingeonekana kwamba damu ya watoto haikubadilika, mimi ningekuwa wa kwanza kuandika kwamba fedha zirudi kwenye vidonge na bustani.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu mchele wa dhahabu hauko peke yake kwenye foleni. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilitangaza mwaka 2007 mpunga wenye folati nyingi mara 100 kuliko wa kawaida, kirutubisho ambacho kikikosekana mwanzoni mwa ujauzito mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Karibu zaidi na shamba uko mpunga wa chuma na zinki. Mchele uliokobolewa una mikrogramu 2 hivi za chuma kwa gramu, na miaka mingi ya kupandisha mbegu kwa njia ya kawaida imeongeza kidogo tu. Mwaka 2016 watafiti walieleza mpunga uliowekewa jeni la soya la kuhifadhi chuma pamoja na jeni la mpunga wenyewe la kusafirisha madini, ukajaribiwa mashambani Ufilipino na Colombia, na punje zilizokobolewa zikatoa mikrogramu 15 za chuma na zaidi ya 45 za zinki. Kwa mama mwenye upungufu wa damu hiyo ni habari kubwa. Nao una maswali yake. Njia ambazo mmea hutumia kuvuta chuma na zinki zinaweza kuvuta pia kadimiamu, madini yenye sumu, kwenye udongo uliochafuka, kwa hiyo kila udongo utahitaji kupimwa.

Lakini kuna tofauti moja ambayo sheria zilizopo hazijaifikiria vya kutosha. Rangi ya manjano ni lebo ambayo punje imejibandika yenyewe. Mchele wa dhahabu ukichanganyika na mwingine gunia zima, hata mtoto anayechambua chuya kwenye sinia atauona na atauliza ni nini. Mpunga wa chuma na zinki hutoa mchele mweupe na wali mweupe, na huyo mtoto hatauona.